Asali Sawa na Mtemi

Alikuwapo Mtemi Kasonde, na kila alikokwenda tumbo lake lilitangulia. Kila mavuno alipimwa, na watu wakamtolea asali sawa na uzito wake. Mwaka wa njaa, Nyamizi mrina asali alifunga mizani ya ndoano kwenye tawi juu ya bwawa, na kwenye ndoano akatundika kapu.

"Kwa nini juu ya maji?" Mtemi aliuliza.

"Ili miguu isiguse ardhi, Mtemi, ukapunjwa."

"Vyema! Sheria ni hii: mshale wa mizani usomwe nikiwa hewani."

"Hewani kabisa?"

"Kabisa!"

Mtemi alishindilia nyama ili azidi uzito, akajitosa kapuni. Mshale ukakimbilia mwisho, naye akachekelea.

Nyamizi akakata kamba ya mizani. Vyote vikaanguka pamoja, na kwa kuwa mizani nayo ilikuwa ikianguka, haikubeba uzito wowote. Kijiji kizima kikauona mshale ukirudi sifuri.

Mtemi aliibuka na magugu kichwani. "Mwili wangu ni uleule!"

"Uleule, Mtemi. Bwawa limemwagika nusu." Nyamizi akamkabidhi mtungi mtupu. "Haki yako hiyo, sawasawa na mshale uliosomwa ukiwa hewani kabisa."