Tone Juu ya Jeli

Wahenga walijua kwamba aendaye taratibu huiona ardhi anayoikanyaga, na ardhi nayo humvumilia. Mwenye pupa huijua anapokuwa ameshaanguka.

Mtafiti mmoja na mumewe, fundi wa mitambo, walifanya kazi katika maabara moja. Nyumbani huyo mume aliitwa Chapuchapu, jina alilopachikwa na baba mkwe wake kwa kuwa alikula, alisema na hata kukoroma kwa kasi. Sasa mzee huyo alikuwa amelazwa, mkono umebabuliwa na mvuke, na kila bandeji ilipobanduliwa alilia kama mtoto. Ndipo bintiye alipotengeneza utando wa jeli, laini kama shavu la kichanga. Ungekaa juu ya kidonda na kuinywa dawa iliyopitishwa juu yake tone kwa tone, bila kubanduliwa. Daktari alikubali kuujaribu, mradi dawa isambae sawasawa.

Lakini maabarani, pampu ilipoidondosha na kuisukuma juu ya jeli, dawa haikusambaa. Tone lilikwama, likaruka, likakwama tena, likiacha mabaka makavu.

"Tuongeze kasi," alihimiza Chapuchapu. "Mzee anateseka."

Akaongeza. Tone likaruka mbali zaidi.

"Mume wangu, hebu inama uone," alisema mkewe, akiimulika jeli kutoka ubavuni. Kandokando ya tone, jeli ilikuwa imeinuka na kufanya ukingo mwembamba kama unywele. "Tone linaivuta jeli juu, kisha linanaswa na ukingo huohuo."

"Mbona kwenye kioo halinaswi?"

"Kioo kigumu, hakivutiki. Jeli ni laini, nayo inataka muda. Tukiipa, ukingo utasogea pamoja na tone. Punguza."

"Nipunguze, na baba yako analia?"

"Kwa sababu analia."

Chapuchapu aliirudia pampu. Akapunguza mwendo wa pampu hadi tone likaonekana kana kwamba limelala. Kumbe lilikuwa likitambaa, jeli ikiinuka mbele yake na kutulia nyuma, bila baka hata moja. Alimshika mkewe mkono, asithubutu kupumua.

Daktari aliridhika. Siku chache baadaye mzee alifumbua macho, utando ukiwa mkononi, akamkuta mkwewe ameketi kimya kando ya pampu.

"Mwanangu, kimya hivi! Unaumwa?"

"Hapana, baba. Nalisubiri tone."

Mzee aliangua kicheko, na kwa mara ya kwanza tangu alazwe hakuugulia. Ama kweli, mwenda pole hajikwai.