Ngozi Isiyoungua

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa Kanga na vifaranga saba!

Hapo kale palikuwa na mto wenye ng'ambo mbili. Ng'ambo ya huku aliishi Kanga na wanawe saba. Ng'ambo ya kule alitawala Fisi, aliyevaa ngozi ya chui, vazi la ufalme.

Kiangazi kimoja Fisi akavuka mto. Akachoma nyasi za jirani ili apanue nchi yake. Kanga aliporudi alikuta majivu. Akayakusanya, asijue yapi ni ya mtoto yupi.

Akaenda kwenye baraza la ng'ambo zote mbili. Mwamuzi alikuwa Korongo, amesimama kwa mguu mmoja. Mila ilisema kesi haianzi mpaka mshtakiwa aitwe jina mara tatu. Tena mila ilisema mwenye ngozi haitwi jina.

"Nani aliyechoma?" akauliza Korongo.

"Ni Fi—"

"Shii. Mwenye ngozi haitwi jina."

"Basi nisemeje, mzee?"

"Sijui, mwanangu. Rudi kesho."

Kesho akarudi. Shii. Kesho kutwa akarudi. Shii. Jamani, mnaonisikiliza, nyinyi mngefanyaje? Kanga kichwa kilimzunguka.

Siku ya nne Fisi mwenyewe alikuwapo. "Mama Kanga, unajisumbua. Aliyechoma si mimi, ni ufalme. Mimi nimo ndani tu, kama muhogo ndani ya ganda."

Baraza likacheka. Kanga hakucheka. Alikuwa akijaribu kuelewa.

"Kama ni hivyo," akasema, "basi naishtaki ngozi."

Wazee wakatazamana. Kuna mila inayokataza kuita ngozi? Haipo. Korongo akabadilisha mguu. "Ngozi. Ngozi. Ngozi. Ije katikati."

Fisi akaivua, akaitupa chini. "Haya, iulizeni. Ikijibu mnistue."

Kanga akaigeuza juu, akaigeuza chini, akaipekua pembeni. Haikuungua hata unyoya mmoja. Akamtazama Fisi. Mgongo wake ulikuwa umebabuka, mwekundu, manyoya hayapo.

"Mzee, sielewi. Ngozi ndiyo iliyochoma, mbona aliyeungua ni huyu?"

"Niliitundika kwangu kabla ya kuvuka," Fisi akadakia, "isije ikaharib—"

Mwenye kovu usidhani kapoa, na mwenye ngozi usidhani hana mgongo.

Korongo hakujua ainame au asimame wima. Akaitazama ngozi, imelala mavumbini. Akasema polepole, kama anayejaribu kina cha maji:

"Fisi."

Kimya.

"Fisi."

Kimya.

"Fisi."

"Naam," akajibu Fisi, kwa sauti ndogo.

"Kesi imeanza. Mama Kanga, sema."

Kanga alikuja na maneno mengi, na yote yakampotea. Akataja majina ya wanawe saba, moja baada ya jingine. Na hakuna aliyemwambia shii.

Hadithi nimeivua, naitundika ukutani. Atakayeivaa kesho, akumbuke ana jina.