Bakuli la Mkunga

Hapo zamani, kabla barabara haijapanda milimani, palikuwa na mkunga aitwaye Nakijwa. Wanawake wa bondeni walizaa mikononi mwake, wanawake wa kileleni walizaa mikononi mwake. Na kila nyumba ilishika mila moja: mtoto akizaliwa salama, mkunga hupewa bakuli la makande yaliyokolea samli, naye hulimaliza. Bakuli likirudi na chakula, wenye nyumba huhuzunika, wakidhani mtoto wao ataishi na njaa.

Basi Nakijwa alimaliza. Mtoto akizaliwa, anamaliza. Mapacha wakizaliwa, analetewa mabakuli mawili, anamaliza yote. Mwili ukaongezeka, magoti yakaanza kulalamika.

Siku moja aliitwa kileleni kwa Namsifu. Akapanda, akapumzika. Akapanda, akapumzika. Alipofika mlangoni akasikia kilio cha mtoto aliyekwisha kuzaliwa, bila mkunga, juu ya ngozi ya mbuzi. Wote wawili walikuwa wazima, lakini Namsifu alimtazama akasema, "Mama mkunga, safari hii Mungu alikutangulia."

Nakijwa alishuka mlima akilia. Zikaja habari kwamba Namsifu ana mimba nyingine. Nakijwa akasema, "Safari hii nitafika. Hata kwa kutambaa, nitafika."

Watu watatu walimsikia.

Wa kwanza ni Mbonea, mumewe. Aling'oa zizi la mbuzi uani, akalijenga upya juu kwenye mwinuko. "Maziwa ya asubuhi yako kule," akasema.

"Baba Sekiete, umepatwa na nini?" Nakijwa akang'aka.

Majirani nao wakamsema, "Mwanamume gani anamtesa mkewe kwa ajili ya mbuzi watatu!" Kila asubuhi Mbonea alimfuata nyuma na kibuyu. Mkewe akisimama kuhema, naye huinama, akijifanya anafunga kiatu.

Wa pili ni Nanzia, jirani yake mfinyanzi. Alifinyanga bakuli dogo, la kujaa viganja viwili, akalichora nakshi nzuri kuliko vyungu vyake vyote. Akapita nalo nyumba kwa nyumba. "Tangu leo, hili ndilo bakuli la mkunga."

"Dogo hivi? Unataka tuitwe wachoyo?" wanawake wakamjia juu.

"Mila inasema bakuli lisirudi na kitu. Imesema wapi liwe kubwa kama chungu cha pombe?"

Wakatazamana, wakacheka, wakakubali. Wakawa wanalijaza mboga za majani na maharage, na samli ya kunukia tu.

Wa tatu ni Nambua, wifi yake, mwembamba kama ufito. Kila jioni, jua likiwa bado juu, alikuja na chakula chake wale pamoja. Mboga kwanza, makande baadaye, na umbea katikati. Nakijwa akinyoosha mkono aongeze, Nambua husema, "Ngoja kwanza wifi, hujasikia mwisho wake." Na habari ikifika mwisho, hamu imekwisha. Tena Nambua, aliyependa ndizi za kukaanga kuliko kitu chochote, aliziacha. "Kwangu hazipikwi mpaka wifi yangu afike kileleni."

"Wewe upunguze nini? Upepo ukivuma si tunakushika!"

"Basi nipunguze uroho."

Haikuwa rahisi. Kwenye harusi ya mpwa wake Nakijwa alikula mpaka akashindwa kuinuka. Lakini kesho yake alipanda zizini kama kawaida, akala mboga kwanza kama kawaida. Mwili ukapungua taratibu, hata hakuna aliyeweza kusema ulianza lini.

Masika yakaingia, na asubuhi moja ya mvua akaitwa. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Nakijwa akapanda. Goti likalalamika, akaliambia, "Utalalamika tukirudi." Akapanda bila kupumzika, akafika. Na ilikuwa heri kwamba alifika, kwa maana mtoto alikuwa anatanguliza miguu. Mikono ile ikafanya kazi yake. Msichana akalia, na mama yake akalia naye, kwa furaha.

Mvua ilipokatika, wale watatu nao wakapanda kumwona mtoto. Namsifu akamjazia mkunga bakuli dogo, akasema, "Jina la mtoto huyu ni la aliyekufikisha hapa. Bakuli likiisha, tutajie jina. Moja tu, maana kwetu mtoto habebi majina mawili."

Mbonea akasema, "Apewe jina la mama yangu. Miguu hii niliiamsha mimi, nikavumilia kuitwa mtesaji."

Nanzia akasema, "Aitwe Nanzia. Mzigo wa mwili uliingia kwa mlango wa mila. Mlango huo nimeufunga mimi, na hakuna nyumba iliyoona aibu."

Nambua akasema, "Aitwe Nambua. Nyinyi mmetoa zizi na udongo. Mimi nimeketi naye kila jioni, nikajinyima nisichohitaji kujinyima."

Namsifu akatikisa kichwa. "Na kwa nini asiitwe Nakijwa? Aliyeinuka baada ya ile harusi ni nani?"

Nakijwa alikuwa na mtoto mapajani, macho yote yalikuwa kwake. Alikula polepole, kama alivyozoea sasa, apate muda wa kufikiri. Lakini bakuli lenyewe ni dogo, na limebaki tonge moja.

Je, nyinyi mnaosikiliza, akilimeza tonge hilo, amwite mtoto nani?