Kwa Nini Mkwaju Hutembea na Mikuki Miwili

Zamani za chumba hiki, kabla nusu yenu hamjagusa kibodi, mkwaju ulitembea peke yake. Ndiyo, kistari hiki hiki kilichoinama, kinachotenga folda na folda katika njia ya faili. Kila mtu aliuandika kwa mkono wake, wala hakuna aliyeuogopa. Tulisahau kwamba mashine hazina desturi moja: kwetu mkwaju huinamia mbele, kwa mashine za upande wa pili huinamia nyuma.

Siku hizo Kisimbo, fundi wetu wa Haskell, lugha tunayoandikia programu, aliandika programu ya zahanati moja ya milimani. Ilituma picha za moyo kwa daktari wa mjini, kisha ikafuta folda ya muda. Ili kuijua folda hiyo, iliutafuta mkwaju wa mwisho katika njia ya faili, ikakata hapo. Haskell ina maktaba, yaani msimbo uliokwisha andikwa na wengine, ya kukata njia kwenye mashine yoyote, na tulimwambia. "Kwangu inakwenda," akajibu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mashine ya zahanati ilikuwa ya upande wa pili. Programu iliutafuta mkwaju wetu, haikuuona, ikabaki na jina tupu. Na kwa programu ile, jina tupu maana yake "hapa nilipo". Basi ikaanza kufuta pale pale ilipo, palipowekwa picha za wagonjwa wote.

Simu ililia tukiwa tunakula. Alikuwa muuguzi, Sista Nambuo.

"Kaka Kisimbo, picha zinaondoka! Naziangalia hivi, zinaondoka moja moja. Na ya mtoto wa mama Ndeshi haijatumwa, daktari anaingoja ampasue kesho!"

"Chomoa waya, dada!"

"Naogopa. Nikichomoa si zitapotea zote?"

"Chomoa!"

Akaiweka simu mezani, akaenda. Kisimbo aliishika simu kwa mikono miwili, akingoja. Mimi niliogopa hata kumeza tonge lililokuwa kinywani. Sista aliporudi alikuwa analia. Waya ulikuwa umechomolewa, lakini picha ya mtoto ilikuwa imekwisha futwa.

Ikabidi mama ambebe mgongoni, amshushe mlima kwenye mvua kwenda kupigwa picha upya, na midomo ya mtoto imeanza kugeuka rangi. Hatukujua kama watafika. Kisimbo hakukaa wala hakula. Habari zilipokuja kwamba wamefika na mtoto anapumua, alirudi mezani, akaufuta kila mkwaju aliouandika kwa mkono.

Na tangu siku hiyo, hapa kwetu mkwaju hauachwi njiani peke yake. Huwekwa kati ya mikuki miwili, hivi: </>. Alama hiyo hufuata desturi ya mashine iliyopo, ndipo iunge njia. Kukata nako tumeiachia maktaba.

Kwa hiyo mkimwona Mzee Kisimbo amesimama nyuma yenu, macho kwenye kidole kinachokaribia kitufe cha mkwaju, msimcheke, wanangu. Bado anamngoja Sista arudi kwenye simu.