Kiti cha Mzee Semkiwa

Hapo zamani, zamani ile redio ilipokuwa inafunikwa kitambaa cha kufuma, mji wetu wa Kwemdimu ulikuwa na ukumbi wa sinema. Msicheke. Miji mikubwa kuliko wetu haikuwa nao, na watu wake walikuja kwetu kwa miguu.

Ukumbi ulikuwa wa Mzee Semkiwa na mkewe, Bi Mwanahawa. Mzee aliwahi kusoma gazetini kwamba iko picha moja iitwayo Dirisha, iliyozishinda picha zote duniani. Basi akinywa kahawa, Dirisha. Akinyolewa, Dirisha. Akafa hajaiona.

Mwaka wa tatu wa ujane wake, Bi Mwanahawa akaiagiza. Akakifunika kanga mpya kiti cha marehemu, kile cha mbele kabisa, akatangaza: "Atakayeiheshimu picha ya mume wangu kuliko wote, kiti hiki ni chake mpaka afe." Kwetu sisi, kukaa pale kulizidi udiwani.

Jumapili mchana mji mzima ukaingia. Taa zikazimwa, picha ikaanza: mwanamume akasimama dirishani. Akaendelea kusimama. Akaketi. Akasimama tena. Nusu saa ikapita, na humo pichani hakuna aliyefungua mdomo.

"Hii ndiyo yenyewe?" Bi Mwanahawa aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. Kila mtu alikuwa anaitikia kwa kichwa, anajifanya ameelewa.

Sasa Mbelwa, mtafsiri wetu, aliyezoea kutusemea picha za Kihindi kwa Kiswahili, hakuwahi kuiacha picha ikae bubu. Alipoona watu wanasinzia akashika kipaza sauti. "Bwana huyu anamngoja mkewe," akasema. "Kaenda kumzika mama yake, na barua haijafika." Watu wakaamka. Bwana akisimama dirishani, Mbelwa anasema, "Leo tena hajaja." Akisimama tena, "Leo tena hajaja." Wanawake wakalia, na wanaume wakasingizia vumbi.

Mama Chausiku, muuza kashata, hakulia. Akasimama mbele ya wote. "Mbelwa, mwanangu, hadithi yako tamu, lakini ni yako. Picha yenyewe haina kitu. Mimi sijaona kitu, na ninyi hamjaona, mnaliogopa gazeti tu." Wakamzomea mpaka picha ikaisha. Hakuketi.

Kesho yake Singano, mwendesha mitambo, akajifungia ukumbini peke yake. Akaiendesha picha mwanzo mpaka mwisho bila mtafsiri. Akairudia. Akairudia mara ya tatu, kisha akaenda kwa Bi Mwanahawa.

"Inachosha, Bi," akasema. "Inachosha kweli. Ila karibu na mwisho yule bwana anafuta vumbi kwenye kiti kisicho na mtu. Anakifuta taratibu, halafu hakikalii. Jana hatukuliona hilo kwa zile kelele."

Bi Mwanahawa akawaita wote watatu mbele ya kile kiti, nao wakaja vifua mbele, maana Kwemdimu hatuna desturi ya kuinamisha vichwa.

Mbelwa akasema, "Bila mimi picha ya mzee ingemalizikia ukumbi mtupu. Mji mzima umeililia. Gazeti gani liliwahi kuifanyia hivyo?"

Mama Chausiku akasema, "Mzee Semkiwa hakunidanganya hata siku moja, na mimi siwezi kumdanganya kaburini. Kitu unachokiheshimu unakisema kilivyo, hukipaki sukari. Na sukari naijua mimi."

Singano akasema, "Hawa wawili walikuwa wanautazama ukumbi. Mimi niliitazama picha."

Bi Mwanahawa akashika ncha ya kanga ili akifunue kiti. Hapo ndipo alipoona vumbi limeingia kwenye mkono wa mbao wa kile kiti. Akalifuta taratibu kwa kiganja, watatu wale wanamtazama.

Mimi nilikuwapo, na nina jibu langu, lakini leo siwapi. Wenzangu wengine wanasema ni cha mtafsiri, wengine cha muuza kashata, wengine cha mwendesha mitambo, na wapo wanaomtaja marehemu mwenyewe, aliyeipenda picha ile maisha yake yote bila kuiona. Haya, kanga iko mkononi mwenu sasa: je, nani alistahili kukikalia kile kiti?