Vitufe Arobaini vya Akiteng

Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa. Maana yake ni kwamba werevu wa mtu unaweza kufurika hata ukalizamisha jambo lile lile alilolijua vyema.

Akiteng alikuwa binti mwenye haya, aliyezoea kuzungumza na kompyuta kuliko na watu. Chuoni kwake, mjini Busia, alikuwa ameunda kilinda-skrini, yaani picha inayojichezea kompyuta inapopumzika. Hakuchora maua wala samaki. Alichora mchemraba wa vipimo vinne: urefu, upana, kimo, na kimoja zaidi ambacho jicho la mwanadamu halijapata kukiona. Siku ya maonyesho, mwenye mradi bora angetuzwa kompyuta. Aliyoitumia ilikuwa ya chuo, na Ijumaa angeirudisha. Akikosa tuzo, mchemraba wake ungebaki ukimzunguka kichwani tu.

Kwa hivyo aliongeza manjonjo. Aliweka vitufe vya rangi, vya kasi, vya maumbo mengine, vya nyota, hata vya muziki. Vilifika arobaini! Mwamuzi, Bi. Leonida, alipofika mezani pake, moyo ulimdunda kama ngoma ya arusi.

"Unaweza kuchagua chochote, Madam!" alisema, akibonyeza hiki na kile. Kioo kiliwaka, kikameremeta, kikazunguka kama pia.

"Dada, hii ni hesabu ama ni disko?" alitania Echodu, mwanafunzi wa meza jirani. Watu wakaangua kicheko.

Bi. Leonida alifikicha macho. "Inapendeza, lakini sijaona kitu." Akafunga kalamu yake.

Akiteng alinywea kama kifaranga aliyenyeshewa. Ndipo babake, mzee Omagor, mpakuzi wa makontena kule Malaba, alipomwinamia sikioni.

"Ile picha uliyonionyesha nyumbani iko wapi? Ile moja, ya polepole?"

"Papa, ile ni rahisi mno."

"Ndiyo niliyoielewa mimi."

Akiteng alizima kitufe kimoja baada ya kingine. Ikabaki mistari myeupe gizani: kisanduku ndani ya sanduku.

"Madam, dakika moja tu, tafadhali. Kontena likipita kwenye skana pale mpakani, afisa huona picha bapa kama kivuli, lakini anajua ni sanduku. Hiki nacho ni kivuli cha sanduku tusiloweza kuliona."

Kisanduku cha ndani kikasogea. Kikavimba, kikachomoza, kikalimeza lile la nje, na la nje likajikuta ndani. Hakuna mstari hata mmoja uliokatika.

"Ngoja!" Bi. Leonida alipaza sauti. "Kimetokaje? Rudisha! Hebu rudisha tena!"

Alitazama mara nne. Echodu alikuwa amepanda juu ya kiti ili aone.

"Si niliwaambia!" mzee Omagor alitamba, ingawa hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Bi. Leonida akaitafuta kalamu yake, akaandika. Alasiri hiyo Akiteng alitoka ukumbini akiikumbatia kompyuta mpya kama mtoto mchanga, naye babake akimwuliza kwa nini aliwahi kuvihitaji vitufe vyote vile. Akiteng alicheka, kwa maana jibu alikuwa nalo: kweli, akili nyingi huondoa maarifa.