Majamvi ya Bi Asaa

"Kamba huzunguka, jamvi hujaza." Bi Mize alimjibu hivyo jirani yake aliyelalamikia mgawo wa shamba, na wajukuu waliokuwa wakichambua karafuu wakataka kujua maneno hayo yametoka wapi. "Msisimamishe mikono," akawaambia, "nami nitawaeleza."

Methali hii ilianza hivi. Hapa hapa Pemba, Mzee Kombo alikuwa na watoto wawili, Faki na Mwanakheri. Angali hai, akawagawia uwanja wa kuanikia karafuu, sawa kwa sawa. Alikata kamba ya makumbi ya nazi, pima ishirini na nne za mikono iliyonyooshwa, akaizungusha uwanja wa Faki, ncha zikakutana. Akaizungusha wa Mwanakheri, ncha zikakutana. Akapanga mawe ya mpaka, akaomba dua. Nani angesema neno? Kamba ni ile ile.

Uwanja wa Faki ulikuwa mraba. Wa Mwanakheri ulikuwa mrefu na mwembamba, umelala ubavuni mwa wa kaka yake.

Msimu ukafika. Mikarafuu yao ilizaa sawa, lakini za Faki zilianikwa zote, za Mwanakheri zikabaki nyingi kwenye magunia, zikapata joto, zikaanza kuvunda. Watu walisema hajui kuanika, mikono yake mizito. Naye maskini akaamini. Alilia peke yake akitupa zilizoharibika, na kwa baba yake hakuthubutu kwenda, maana mtoto mwenye adabu hapimi alichopewa.

Akaenda kwa Bi Asaa, mshona majamvi, ambaye majamvi yake yote yalikuwa ya kipimo kimoja: pima moja kila upande. Akaagiza mengine matano.

"Ishirini niliyokushonea hayakutosha?" Bi Asaa akauliza.

"Yametosha uwanja, bibi. Karafuu ndizo zilizobaki. Nitabananisha."

"Ajabu! Faki nimemshonea thelathini na sita, na yote ameyatandika. Nyinyi si mna viwanja sawa?"

Mwanakheri akaliacha lile agizo. "Bi Asaa, nisindikize kwa baba. Peke yangu sitaweza."

Bi Asaa alikuwa na ukili wa kushonea jamvi mkononi. Akauweka chini, akajitanda kanga, wakaenda.

Mzee Kombo alikuja juu. Akaitoa ile kamba, akaizungusha tena mbele yao, huku na huku, na ncha zikakutana kama mwanzo.

"Haya, nimekosea wapi?"

"Kamba haikukosea, mzee," Bi Asaa akasema. "Lakini imepita ukingoni tu, na karafuu hazianikwi ukingoni. Hebu tutandike."

Wakatandika ukingo kwa ukingo, bila mwanya. Kwa Mwanakheri zikaingia safu mbili, kila safu majamvi kumi. Kwa Faki safu sita, kila safu majamvi sita. Mzee Kombo akahesabu mwenyewe, jamvi moja moja, kisha akarudia. Ishirini. Thelathini na sita.

"Lakini baba, kamba..." Faki akaanza, halafu akamtazama dada yake, akaacha. Akayahamisha mawe kwa mikono yake, akamwachia dada yake safu nzima ya majamvi sita iliyopakana naye, na mawili ya safu ya pili. Wakawa na ishirini na nane kila mmoja, na mpaka ukapinda kona.

Mwanakheri alisubiri karipio. Badala yake baba yake akamshika mkono.

"Nilitaka kuwapa sawa, nikawapa mzunguko. Ahsante, mwanangu. Ningekufa na dhuluma shingoni bila kujua."

Hapo Mwanakheri akalia kwa furaha. Msimu ule hakutupa karafuu tena, na pishi ya kwanza iliyokauka aliipeleka kwa Bi Asaa. Akafanya hivyo kila mwaka, hata Bi Asaa alipofariki, akawapelekea wanawe.

"Mwanakheri alikuwa mama yangu," Bi Mize akasema. "Na ile kona ya mawe mnayojikwaa kila siku ndiyo hiyo. Msiing'oe."

Mjukuu mmoja akainuka bila kutumwa, akachota karafuu kavu, akajaza pishi mpaka juu, aipeleke nyumba ya wajukuu wa Bi Asaa.

"Kamba huzunguka," akasema akiwa mlangoni.

"Jamvi hujaza," wakamjibu wenzake.